Nani kaandikwa mlangoni mwa kompyuta?

Leo naomba tuiache siasa ipumzike kidogo. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona kila asubuhi na hatukitazami: ile skrini ya kuingilia kwenye kompyuta, yenye vijipicha na majina, inayosubiri ubonyeze jina lako kisha uandike neno lako la siri. (Wengine wanasema nywila, wengine paswedi. Mimi "neno la siri" linanitosha.) Umeshawahi kujiuliza nani anawekwa pale na nani anaachwa? Na je, ukiona majina sita, ndiyo kusema kompyuta ile ina watu sita?

Nimekaa na suala hili wiki mbili nzima. Si kwamba napenda sana mambo ya ufundi. Ni kwamba orodha ile ilitaka kumponza mwenzangu.

Sisi ni waandishi sita tunaochangia kodi ya ofisi, ghorofani, katika vichochoro vya Malindi hapa Mji Mkongwe. Wanaume watano, mwanamke mmoja. Tunaandikia magazeti, redio, na yeyote anayelipa kwa wakati (hao wa mwisho ni wachache). Tuna kompyuta mbili za pamoja. Moja iko mapokezi, ya siku nyingi. Ilikuwa na Windows 10, na Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nayo haina uwezo wa kubeba Windows 11, tukamwita fundi akaiwekea Linux Mint. Mashine imekuwa nyepesi, fundi hana lawama hapo. Ila wakati wa kufungua akaunti zetu aliandika majina kama yalivyo kwenye vitambulisho: lako, la baba, la babu. Akaweka na picha.

Nyinyi wa miji mikubwa huenda msione tatizo. Huku Unguja jina moja halisemi kitu, lakini majina matatu yanasema kila kitu. Mtu wa makamo akiyasikia atakuuliza, "Wewe ni wale wa Donge au wa Makunduchi?" na kabla hujamaliza chai ameshajua shangazi yako kaolewa wapi.

Sasa huyu mwenzetu, nitamwita Dada tu, alikuwa anafuatilia kesi ya udhalilishaji wa mtoto katika kijiji kimoja cha kaskazini. Habari ilitoka gazetini bila jina lake. Iliandikwa "Na Mwandishi Wetu". Kila msomaji wa magazeti ya Kiswahili anamjua Mwandishi Wetu, yule bwana asiyezeeka wala kustaafu, anayeonekana Pemba na Mbeya siku moja. Watu wanamcheka, lakini kuna siku anakuwa ngao pekee ya mtu mwenye mwili na wazee nyumbani.

Siku tatu baadaye, jamaa mmoja wa mtuhumiwa akaja ofisini kulalamika. Ni haki yake. Akauliza nani kaandika, akajibiwa kwamba ni Mwandishi Wetu. Akakaa kwenye benchi kumsubiri mkubwa wetu, kiasi cha dakika arubaini hivi. Asubuhi ile umeme ulikuwa umekatika na kurudi, kwa hiyo kompyuta ya mapokezi ilikuwa imejiwasha na kusimama kwenye skrini ya kuingilia, ikimtazama yeye uso kwa uso. Majina sita. Tena ile programu ina tabia ya kumtanguliza aliyeingia mwisho, na jana yake aliyefunga kazi alikuwa Dada. Kule kijijini wanajua fika kwamba aliyekwenda kuzungumza na mama wa mtoto alikuwa mwanamke. Haya, piga hesabu mwenyewe.

Usiku ule ami yake akampigia simu.

"Mwanangu, hivi ndiye wewe unayeandika mambo ya yule mzee?"

"Ami, nani kakwambia?"

"Wamelitaja jina lako, na la baba yako, na la babu yako. Anasema kalisoma kwenye kompyuta yenu, palepale mapokezi. Mwanangu, hawa watu tunazikana nao."

Asubuhi alipokuja hakupiga kelele. Aliweka mkoba, akasema, "Liondoeni jina langu pale." Kisha akakaa kusubiri. Na kuliondoa, jamani, ndiko kulikotufundisha yote yaliyobaki.

Kwanza tuelewane: skrini ile si daftari la watu wa kompyuta. Ni tangazo. Daftari lenyewe kwenye Linux ni faili linaloitwa /etc/passwd, na ukiandika amri ya getent passwd linamwagika lote mbele yako. Kila akaunti ina mstari wake, na kila mstari una sehemu saba zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Letu lilikuwa na mistari zaidi ya arubaini. Arubaini! Na sisi ni sita, na mwanafunzi mmoja. Hao wengine ni akina nani?

Wengi wao si watu. Ni akaunti za huduma: ya kuchapisha, ya mtandao, ya saa na kadhalika. Kila huduma inapewa akaunti yake ili ikiharibika au ikivamiwa isiburuze nyumba nzima. Mashine inawatenga na watu kwa namba. Mkuu wa wote, root, ana namba 0. Huduma ziko chini ya 1000. Binadamu wanaanzia 1000 kwenda juu, na mpaka huo umeandikwa kwenye faili la /etc/login.defs. (Kichekesho ni kwamba Windows nayo ina mtindo wa kufanana: msimamizi wa kuzaliwa nayo namba yake huishia na 500, mgeni 501, na watu wa kawaida huanzia 1000.) Kisha inatazama sehemu ya saba ya mstari, ambayo inataja programu ya kupokea amri atakayokabidhiwa mtu akishaingia. Ikikuta pameandikwa nologin au false, basi huyo si wa kukaa mbele ya kioo, hatangazwi. Kwa hiyo kabla hujaona jina hata moja, kuna sheha mdogo ndani ya mashine ameshapita na kuamua nani mkaazi na nani si mkaazi.

Wazanzibari kwa mambo ya orodha hatuhitaji kuelezwa sana. Tangu uchaguzi wa 2005, tulipoanza kutumia daftari la kudumu la wapiga kura, neno "jina langu halimo" tunalijua ladha yake. Sikujua tu kwamba siku moja nitakutana na mtu ambaye taabu yake ni kwamba jina lake limo.

Turudi kwenye mashine. Sehemu ya tano ya mstari ndiyo yenye jina kamili, na ndiyo inayoonyeshwa pale kwenye skrini. Wenyewe wanaiita GECOS, na jina hilo lina kisa. Enzi Unix inatengenezwa kule Bell Labs, Marekani, walikuwa na mashine nyingine iliyotumia mfumo ulioitwa GECOS, wakipeleka kazi zao huko kuchapishwa. Sehemu hii ilihifadhi kitambulisho cha mtu cha kutumia kwenye mashine ile. Mashine ile ilishatoweka zamani, jina likabaki. Siku zile ulipotaka kuingia Unix ulikuta neno moja tu, login, na nafasi tupu. Hakuna aliyekuorodheshea jirani zako. Mambo ya picha na majina yamekuja baadaye, ili mtu wa nyumbani asihitaji kukumbuka chochote zaidi ya neno la siri.

Tukampigia fundi. Akaja mbio, mtu mwema kabisa. Akafungua faili la /etc/lightdm/users.conf, akatafuta mstari wa hidden-users, akaongeza akaunti ya Dada, akaizima mashine na kuiwasha. Jina lipo. Akarudia. Jina lipo, na picha inatabasamu. Dada anatazama tu. Fundi akaanza kutoka jasho, akasema labda mashine imeingiwa na shetani, na kwa Unguja hilo si neno la mzaha.

Shetani hakuwepo. Nikamwomba tusome maneno yaliyo juu kabisa ya faili lile, yale yanayoanza na alama ya reli ambayo kila mtu huyaruka. Yanasema wazi kwamba kama kwenye mashine kuna kitu kinaitwa AccountsService, basi LightDM itamuuliza huyo, na mipangilio ya faili hili haitasomwa. Na sisi AccountsService tunaye, kama walivyo naye wengi wanaotumia Mint na Ubuntu. Yaani fundi alikuwa anapeleka barua kwenye ofisi iliyohama, nayo ofisi imebandika mlangoni karatasi ya kueleza imehamia wapi. Maelekezo mengi yanayozunguka mtandaoni bado yanakupeleka kwenye faili hilohilo.

Tukaenda kulikohamiwa: /var/lib/AccountsService/users/. Humo kuna faili lenye jina la akaunti. Ndani yake, chini ya [User], ukiandika SystemAccount=true, mwenye akaunti anahesabiwa kuwa ni huduma na hatangazwi tena. Tukaandika, tukawasha upya. Jina likatoweka. Nikamweleza Dada kwamba kwa lugha ya mashine tumesema yeye si mtu. Akajibu, "Basi mimi sasa ni printa. Hamna tabu, niacheni printa."

Lakini tulipokuwa humo tukakuta mengine. Tulikuwa na mwanafunzi wa SUZA anayefanya mafunzo kwa vitendo. Kila siku anaambiwa akaunti yako ipo, kila siku akifika mapokezi haioni, akawa anaazima ya mpigapicha. Watu walishaanza kusema kijana hajui kompyuta. Kumbe faili lake lina mstari uleule, SystemAccount=true. Fundi alinakili faili moja kutengeneza jingine, na mstari ukasafiri nao. Tukabadilisha true kuwa false, kijana akazaliwa upya. Hilo lilichukua dakika moja, na yeye alikuwa amelibeba wiki tano.

Alilinakili kutoka wapi? Hapo ndipo nilipokaa vizuri kitini. Kulikuwa na faili la tatu, la akaunti ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia. Ilikuwa ya fundi mwenyewe. Imefichwa, na ukiandika getent group sudo unaiona kwenye kundi la wenye mamlaka yote. Nilimuuliza, akajibu bila kubabaika kwamba ndivyo anavyofanya kwa wateja wote, ili wakisahau maneno yao ya siri awe na njia ya kuwasaidia. Namwamini. Lakini mashine ile ina sauti za watu waliozungumza nasi kwa sharti la kutotajwa. Sisi tulidhani tunajua walio na ufunguo kwa sababu tulikuwa tunasoma majina mlangoni.

Kwa hiyo siku iliyofuata nikaigeukia kompyuta ya pili, ya chumba cha ndani, ambayo bado ina Windows. Skrini yake inaonyesha majina mawili. Nikafungua dirisha jeusi na kuandika net user. Yakaja zaidi. Mengine ni ya kuzaliwa nayo, kama Administrator na Guest. Hayo yana historia: wanaokumbuka Windows XP ya 2001, yenye picha za bata wa plastiki na sataranji, watakumbuka kwamba Administrator alikuwa haonekani pale maadam yupo msimamizi mwingine, na mashine nyingi alikaa hapo miaka bila neno lolote la siri. Siku hizi huja amezimwa kabisa. Lakini katikati ya orodha kulikuwa na jina la mwenzetu aliyeondoka 2023, na hatukuagana naye kwa uzuri.

Nakumbuka alipoondoka. Mkubwa alisema aondolewe kwenye kompyuta, na mtu mmoja akamwondoa. Namna alivyomwondoa ndiyo hii: kwenye rejesta ya Windows, chini ya Winlogon, kuna sehemu inaitwa SpecialAccounts, na ndani yake UserList. Ukiandika hapo jina la akaunti na kulipa thamani 0, halionekani tena kwenye skrini. Mkubwa akatazama, jina hakuliona, akaridhika. Nilipoandika net user na jina lile, majibu yakaja kwamba akaunti iko hai na mwenyewe ni msimamizi. Mashine ile inashirikisha folda za kazi kupitia mtandao wa ofisi, na neno la siri la wifi yetu halijabadilishwa tangu enzi hizo. Wifi inafika hadi kwenye baraza ya chini, wanapokunywa kahawa.

Sikukuta dalili yoyote kwamba jamaa amewahi kurudi kwa njia hiyo. Sikukuta pia kitu chochote ambacho kingemzuia.

Nimelifikiria hili sana. Hapa kwetu watalii wanapiga picha milango yetu, misumari ya shaba, maua, minyororo iliyochongwa pembeni. Mlango wa Mji Mkongwe unajisifu kweli: unataka ujue mwenye nyumba ana uwezo. Ila sijaona hata mmoja ulioorodhesha wanawake waliomo ndani. Unapiga hodi, unasubiri, na wa ndani ndiye anayeamua kujibu karibu au kunyamaza. Na komeo liko palepale, hata mlango usipokuwa na jina lolote. Ofisini kwetu tulifanya kinyume: tulitundika majina nje, na komeo hatukuliangalia.

Basi tukaketi sote sita. Mpigapicha akasema suala limekwisha, Dada kashafichwa. Dada mwenyewe ndiye aliyekataa. "Tuko sita, kila mtu Malindi anajua. Wakiona watano wanaume, wa sita ni nani?" Hoja ilimaliza mjadala. Ukimficha mmoja katika orodha inayojulikana, umemtaja kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo tumeifuta orodha nzima. Kwenye Mint kuna mpangilio wa dirisha la kuingilia, Login Window, wenye chaguo la kuficha orodha ya watumiaji. Ndani ya faili la lightdm.conf unaonekana kama greeter-hide-users=true. Ukifanya hivyo hakikisha umeruhusu na kuingia kwa kuandika jina, greeter-show-manual-login=true, usije ukajifungia nje mwenyewe. Kwenye Windows kipo kipengele cha kutoonyesha mtu wa mwisho aliyeingia, dontdisplaylastusername, ukikipa 1 inakuletea nafasi mbili tupu. Wenye Ubuntu wa kawaida, unaotumia GDM, wao watafute disable-user-list. Kisha tukabadilisha ile sehemu ya tano kwa amri ya chfn, kila mtu akabaki na herufi mbili, kwa sababu hata orodha ikifutwa, mtu akiifunga skrini kwenda kuswali jina lake kamili linabaki linawaka. Picha tumezitoa.

Na makomeo. Akaunti ya mwenzetu wa 2023 imezimwa kwa net user na /active:no, kazi zake tukazihamisha kwanza. Ya fundi tumeifunga kwa usermod -L, na kwa kuwa hiyo inafunga neno la siri tu na si funguo za njia nyingine, tukaipa na tarehe ya kwisha iliyopita. Tulimwambia mbele yake, akapiga saini kwenye daftari letu la mkono. Alikasirika kidogo, akanywa chai, akapoa. Wifi imebadilishwa. Mkubwa wetu aliuliza kama kuna sheria inayotutaka tufanye yote haya. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na jina la mtu ni taarifa binafsi. Lakini ukweli ni kwamba siku ile hakuna aliyekuwa anafikiria sheria. Tulikuwa tunamfikiria ami.

Mpigapicha bado ananung'unika. Anasema anaandika jina lake mara kumi kwa siku, na umeme wetu huu ukikatika mara tatu ni mara kumi na tatu. Mwanafunzi ameandika jina la akaunti yake kwenye kikaratasi na kukibandika pembeni ya kioo. Nimekibandua. Kesho yake kimerudi.

Dada alikwenda tena kaskazini wiki iliyopita, safari hii akiwa na mwenzake wa kiume anayeshika kinasa sauti. Sehemu ya pili ya habari imetoka, na Mwandishi Wetu ndiye aliyeiandika. Ami yake hajaacha kupiga simu. Juzi alimuuliza kesi imepangwa lini.